Mrejesho: nyanya zangu za Malindi zilizokuwa zikipukutisha maua

Waungwana, nilileta swali mwezi wa Machi: nyanya zinachanua vizuri, maji zapata, wadudu hakuna, ila maua yanageuka manjano kikonyoni na kudondoka. Mliosema ni joto, mlipatia.

Nilitikisa maua juu ya kioo cha simu kama mlivyonielekeza. Ya Machi hayakuacha kitu. Ya sasa, kusi ikiwa imeshaingia, yanaacha unga wa manjano unaoonekana kabisa. Kumbe chavua, yaani unga huo ambao ua huhitaji ili litunge tunda, huharibika mapema, wiki moja hadi mbili kabla ua halijafunguka, mchana ukipita nyuzi 32 hivi au usiku ukibaki juu ya nyuzi 21. Na Malindi wakati wa kaskazi, usiku gani unashuka hapo? Ndiyo maana kuongeza maji hakukufua dafu (jirani yangu bado anaapa ni mbolea, mwacheni).

Miche ile ile sasa imebeba vichala. Wavu wa kivuli nimeahirisha, bei haishikiki. Msimu ujao nitasia mbegu Machi mwishoni ili maua yaangukie Mei na Juni. Bilinganya nazo zimeanza kuzaa, pilipili bado zinasuasua.