Bajeti ya manispaa: hela inatoka wapi, na sisi tunaangalia nini?

MuuzaDuka_Chuno
Wadau habari zenu, naomba kueleweshwa. Nina duka la vifaa vya umeme hapa Chuno, Mtwara, leseni nalipa, ushuru wa huduma nalipa, na nikinunua umeme wa LUKU nakatwa 1,500 ya kodi ya jengo kila mwezi. Ikifika msimu wa bajeti nasikia redioni baraza limepitisha mabilioni kadhaa, namba moja kubwa basi. Hizo zote zinatoka kwetu? Na yangu nitajuaje imefanya nini, maana barabara ya mtaani mvua ikinyesha bajaji hazipiti.

Mikindani_Kwetu
Kaka hiyo namba moja ndo inayochanganya watu. Fungu kubwa humo ni ruzuku ya serikali kuu, mishahara ya walimu na manesi, matumizi mengineyo, na hela za miradi ambazo zinakuja zimeshapangiwa kazi, diwani hawezi kuzihamisha akachimbia mtaro. Fungu la pili ndo mapato ya ndani: leseni, ushuru wa huduma ule wa asilimia ndogo ya mauzo, soko, stendi, machinjio, vibali vya ujenzi. Na humo humo sheria inataka asilimia 10 iende mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, 4 kwa 4 kwa 2. Kwa hiyo ukisikia bajeti imepanda uliza kwanza kilichopanda ni ruzuku au makusanyo, inaweza ikawa walimu tu wameongezwa.

Binti_Shangani
Naongezea. Ya jengo ilihamishiwa LUKU 2021 kwa 1,000 ikapanda 1,500 mwaka 2023, usiichanganye na hizi wanazokusanya vijana wa POS, zile mashine za kukatia risiti, sokoni. Na barabara za mitaa tangu 2017 ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, hela yao nyingi ni ya mfuko wa barabara yani tozo ya mafuta, so hata ukiisoma bajeti ya manispaa mwanzo mwisho mtaa wako huenda usiuone.

Korosho nayo watu wanaipigia hesabu bure kwenye bajeti ya manispaa, ule ushuru wa mazao unaenda halmashauri ilikolimwa, Tandahimba, Newala, Masasi huko.

Mzee_wa_Likombe
Wanangu mmeeleza vizuri, mimi nasemea muda. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi lakini mipango inaanzia mtaani miezi mingi kabla, inapanda kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani, mkoa, TAMISEMI yani wizara ya serikali za mitaa, ndo bungeni, sasa mtu anakuja kuuliza Juni wakati kila kitu kimeshafungwa. Mkutano wa mtaa ukiitishwa nenda! Vikao vya baraza navyo viko wazi kwa mwananchi, ingia kaa usikilize. Na karatasi ya kuomba ni ile yenye kila chanzo kwa mstari wake, makisio huku, makusanyo halisi huku. Tuseme stendi ilikisiwa milioni 100 na Machi iko 40, hapo una swali la kusimama nalo.

MuuzaDuka_Chuno
Mzee shikamoo, asante sana. Hiyo karatasi naiomba kwa nani?

Mzee_wa_Likombe
Marahaba mwanangu. Andika barua fupi kwa mkurugenzi, nakala mpe diwani wako. Taja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, wana siku 30 kukujibu. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa.