Ikiwa raha ndiyo wema mkuu, miaka miwili ya kumuuguza baba yangu niiweke wapi?

Msomaji wa Songea aliuliza:

Nawasalimu nyote. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisoma falsafa ya maadili ya Wagiriki wa kale, na nimekwama kwa Epicurus, aliyezaliwa mwaka 341 K.K. katika kisiwa cha Samos na baadaye kufundisha Athene katika shule iliyoitwa Bustani. Katika barua yake kwa Menoeceus anasema waziwazi kwamba raha ndiyo mwanzo na mwisho wa maisha yenye heri, na hoja wanayoitoa watu wa shule yake ni rahisi kuifuata: kila kiumbe, tangu kinapozaliwa, huitafuta raha na kuyakimbia maumivu kabla hakijafundishwa na yeyote. Lakini katika barua hiyohiyo anasema kwamba mkate na maji humpa mwenye njaa raha iliyo kuu kabisa. Je, huku si kuibadilisha maana ya neno ili hoja isimame?

Swali langu la pili ndilo lililonifanya niandike. Nilimuuguza baba yangu kwa miaka miwili kabla hajafariki. Niliamka usiku kumgeuza ubavu na kumnywesha maji kwa kijiko, na sitadanganya kwamba ilikuwa raha. Hata hivyo, leo mtu angeweza kunirudishia miaka ile niitumie kwa starehe, ningekataa bila kufikiri mara mbili. Anayefundisha kwamba raha ndiyo wema mkuu ana jibu gani kwa mtu kama mimi?

Mwalimu Mstaafu, Tanga, alijibu:

Pole sana kwa kufiwa na mzee, mwanangu. Naomba nianze na neno lenyewe, kwa sababu nadhani Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko tunavyotambua. Raha tumeipokea kutoka Kiarabu, na huko maana yake ya msingi ni mapumziko. Starehe nalo linatokana na shina hilohilo. Siku hizi ukitaja starehe watu wanawaza muziki na vinywaji, lakini mtu akifika barazani na waliokaa wakataka kuinuka, bado huwaambia “Starehe!”, yaani kaeni mlivyokaa, msijisumbue. Na Wakatoliki wanapomwombea marehemu raha ya milele, hakuna anayefikiria karamu.

Epicurus yuko karibu sana na maana hiyo ya zamani. Kwake, kilele cha raha ni kuondokewa na maumivu ya mwili na fadhaa ya nafsi, na maumivu yakishaondoka yote, raha haiongezeki tena, bali hubadilika ladha tu. Ndiyo maana anazigawa tamaa: zipo za asili na za lazima, kama chakula, zipo za asili lakini si za lazima, kama chakula cha anasa, na zipo tupu, kama sifa na utajiri usio na kikomo, ambazo haziwezi kutuliza moyo kwa kuwa hazina mahali pa kuishia. Mkate na maji vinatosha kwa sababu njaa ina mwisho. Wafuasi wake ndio wale Waepikureo tunaowasoma katika Matendo ya Mitume 17, waliokutana na Paulo huko Athene, na inasikitisha kwamba jina lao limebaki mdomoni mwa watu kama jina la walafi.

Kuhusu mzee wako, nakuomba usome barua fupi ambayo Epicurus alimwandikia Idomeneus katika siku yake ya mwisho, mwaka 270 K.K. Alikuwa na maumivu makali ya mkojo na tumbo, naye anasema kwamba dhidi ya maumivu hayo yote aliiweka furaha ya kukumbuka mazungumzo yao. Kisha anamwomba rafiki yake awatunze watoto wa Metrodorus, mwanafunzi wake aliyetangulia kufa. Sioni hapo mtu ambaye falsafa yake inaishia mlangoni pa chumba cha mgonjwa.

Mama Neema, Nakuru, alijibu:

Shikamoo, Mwalimu. Nakubaliana nawe kuhusu neno, lakini naona bado tunazungumzia raha ya mtu mmoja anayejitafutia utulivu wake. Jeremy Bentham, mwanafalsafa Mwingereza aliyepima wema wa tendo kwa raha linayoleta, katika kitabu chake cha mwaka 1789, alipoorodhesha vipimo vya raha, alihesabu ukali wake, muda wake na vinginevyo, na mwisho akaongeza idadi ya watu wanaoguswa nayo. Kipimo hicho cha mwisho kinaligeuza swali lote, maana nafuu aliyoipata baba yake muulizaji kila alipogeuzwa ubavu nayo inaingia katika hesabu, hata kama aliyemgeuza alikuwa amechoka.

Lakini ninayemkumbuka zaidi hapa ni mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill. Alilelewa tangu utotoni ili aiendeleze kazi ya Bentham, na mwaka 1826, akiwa na miaka 20, alijiuliza kama angefurahi iwapo mabadiliko yote aliyoyapigania yangetimia siku ileile. Moyo wake ukamjibu kwamba asingefurahi, akazama katika huzuni kubwa. Alichojifunza baadaye ni kwamba wenye furaha ni wale walioielekeza akili yao kwenye jambo lingine lisilo furaha yao wenyewe, na furaha huwakuta njiani. Ndugu yangu wa Songea, wewe hukuwa unatafuta furaha usiku ule, na huenda ndiyo sababu hukubali kuiuza miaka ile.

Mpenda Hoja alijibu:

Namheshimu sana Mwalimu, lakini asili ya neno haithibitishi hoja. Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Roma, aliliona tatizo hili mwaka 45 K.K. Alilalamika kwamba Epicurus analitumia jina moja kwa vitu viwili: kutosikia maumivu, na kusikia utamu. Akauliza: mtu asiye na kiu anayemchanganyia mwenzake kinywaji, na yule mwenye kiu anayekinywa, je, wako katika raha ileile? Kila mtu ataona kwamba hapana. Asiye na kiu hana dhiki, lakini koo lake halipati kile anachopata mwenzake. Kwa hiyo muulizaji ana haki kabisa kushuku katika swali lake la kwanza.

Jibu la Mill nalo linanitia wasiwasi kwa sababu nyingine. Kama furaha huja tu kwa anayelithamini jambo lingine kwa ajili ya jambo lenyewe, basi jambo hilo tayari lina thamani kabla furaha haijafika. Mwanafalsafa Mmarekani Robert Nozick, mwaka 1974, aliwaza mashine inayoweza kumpa mtu hisia yoyote aitakayo huku amelala amefungwa nyaya. Mashine hiyo ingeweza kumpa muulizaji hisia kamili ya kumtunza baba, lakini baba halisi angebaki na kiu.

Msomaji wa Songea aliandika:

Shikamoo Mwalimu, na nawashukuru nyote. Mfano wa Cicero umenishika kuliko yote, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa naandaa kinywaji na sikuwa na kiu. Naafiki kwamba baba na mimi hatukuwa na raha ileile. Ila mara tu alipomeza na pumzi yake ikatulia, kulikuwa na jambo lililotulia ndani yangu pia, na halikuwa katika koo langu. Sikuwa nimeliita raha hadi Mwalimu aliponikumbusha maana ya neno hilo. Mpenda Hoja, ningependa unieleze: utulivu ule ulikuwa ni kukosa fadhaa tu, au Cicero alisahau kumuuliza mchanganyaji alikuwa akimtazama nani?