Tupeane uzoefu: mliofika mahekalu ya Shinto (dini ya jadi ya Wajapani) ya msituni kule Japani, mlionaje?

Mleta mada: Wakuu habari zenu. Mi nilikuwa Tokyo kwa kozi, jumapili moja nikashuka treni Harajuku, pale kelele tupu, vijana na nguo zao za ajabu, mara nikapita chini ya lango kubwa la mbao wanaita torii, na mji ukapotea kabisa! Unasikia kokoto tu chini ya viatu. Hapo ndo Meiji Jingu. Nikajua msitu wa asili, kumbe umepandwa kwa mkono, miti kama laki moja iliyoletwa na wananchi toka kila kona ya nchi, hekalu likafunguliwa 1920. Lenyewe liliungua kwa mabomu 1945, la sasa ni la 1958. Kuna jamaa anafagia majani njiani na fagio pana hilo, nikadhani anaenda kutupa, kumbe anayarudisha msituni yawe mbolea. Haya leteni zenu.

Mchangiaji 2: Mi niliumbuka kwenye birika la kunawa 😂 Nimeona kata zimepangwa, kiu imenibana, nikachota nikaipeleka mdomoni moja kwa moja. Bibi mmoja akanishika mkono taratibu bila neno, akanionyesha, unanawa wa kushoto, halafu wa kulia, maji ya kusukutua unayatia kiganjani, mwisho unaisimamisha kata ili maji yateremke yaoshe mpini. Mtoto wa madrasa nikacheka kimoyomoyo, si udhu huu jamani, ila wao wanaanza kushoto.

Mchangiaji 3: Nendeni Kasuga Taisha, mji wa Nara, hekalu la mwaka 768. Njia nzima taa za mawe zimeota ukungu wa kijani, na kulungu wanazurura maana wanahesabiwa wajumbe wa miungu. Mjumbe mmoja alinila ramani nikiwa nimeishika!! Mlima wa nyuma yake ni marufuku kuwinda wala kukata mti tangu 841, ukiutazama unaamini.

Mchangiaji 4: Sisi wa Kwale hayo hayatushangazi sana. Kaya Kinondo, msitu wetu mtakatifu, unafungwa kaniki nyeusi ndo unaingia, na hutoki hata na jani moja. Nilipofika Japani nikaona kamba nene ya majani ya mpunga imezungushiwa mti mkubwa, sikuuliza mtu, nikajua huu mti hauguswi.

Mchangiaji 5: Swali, lazima usali? Na kiingilio bei gani?

Mleta mada: Hulazimishwi mkuu. Wenyewe wanainama mara mbili, makofi mawili, wanainama tena mara moja. Meiji bure, ila bustani ya ndani unalipia kidogo. Pita pembeni ya njia lakini, katikati wanasema ni ya mungu wao, mi nilipita katikati siku nzima nikipiga selfi.

Mchangiaji 2: Bora wewe, mi nimekunywa.