Usingizi haunijii mpaka saa saba usiku na saa tisa natakiwa niwe jikoni, wenzangu mnafanyaje?

mama_iliki
Habari zenu jamani. Mimi naishi hapa Dodoma, Nkuhungu, kazi yangu maandazi na chapati, asubuhi nauza pembeni ya barabara na nyingine nasambaza kwenye viduka. Ili saa kumi na mbili asubuhi mzigo uwe tayari inabidi saa tisa usiku niwe nimeshaamka nakanda unga. Sasa shida ni usingizi. Napanda kitandani saa mbili usiku ili nipate masaa ya kutosha, mwili umechoka mpaka miguu inavuta, lakini usingizi hata chembe, nageuka huku nageuka kule, nawasha simu kuangalia saa, saa nne, naangalia tena saa tano na nusu, kila nikiangalia napiga hesabu yamebaki masaa mangapi na moyo unaanza kwenda mbio. Kunipitia ni kama saa saba hivi, ndio kwanza naanza kuunogewa alamu inalia.

Mchana nikishamaliza kuuza najitupa kitandani kuanzia saa sita mpaka saa kumi. Jumapili siuzi, hiyo siku nalala mpaka saa tatu asubuhi nafidia ya wiki nzima. Chumba chenyewe bati bila siling bodi na huu mwezi wa kumi joto la Dodoma mnalijua. Halafu nina mkopo, hizi kausha damu, marejesho kila Alhamisi, basi nikizima taa tu ndio mahesabu yanaanza kichwani.

Jirani kaniambia nimeze Piriton mbili kila usiku, mwingine anasema ana vidonge vya usingizi kabisa atanigawia. Naomba ushauri wa mtu anayejua maana mimi nakaanga kwenye mafuta ya moto, juzi nimesinzia nimesimama mbele ya karai, mwanangu ndio kanishtua.

zabibu_hombolo
Pole sana dada. Mimi mkulima wa zabibu huku Hombolo, ninachokijua ni glasi moja ya mvinyo baada ya chakula, unalala fofofo. Sio kulewa, glasi moja tu. Wazee wetu walikuwa wanafanya hivyo na asubuhi wako shambani.

mzee_wa_mpwapwa
Binti yangu, mtu umechoka kiasi hicho halafu usingizi unakukimbia, hapo usichukulie poa. Biashara ikichangamka macho ya watu yanakuwa mengi. Omba sana, na umwone mchungaji au shehe wako akuombee. Sisemi usiende hospitali, nenda, ila na hilo usiliache.

nesi_kisasa
Pole mdogo wangu. Mimi ni nesi, nina miaka mingi wodini na zamu za usiku nazijua, kwa hiyo nakuandikia kwa urefu, soma taratibu.

Kwanza vidonge. Piriton ni dawa ya aleji, mafua na muwasho, ile kusinzia ni athari yake ya pembeni tu na mwili unaizoea haraka, baada ya muda mfupi mbili hazikutoshi unataka tatu, na usiku wa saa tisa unaamka kichwa kizito kama hujaamka. Mtu anayesimama mbele ya karai la mafuta hiyo dawa hapana. Hivyo vya jirani wa pili kama ni diazepam ndio kabisa usiguse, vile ni vya cheti cha daktari, vinakufanya mtegemezi, na ukija kuacha ghafla usingizi unapotea kuliko mwanzo. Dawa ya mtu mwingine usimeze, hata kama ni jirani mnayependana.

Na kaka wa Hombolo samahani, pombe kweli inakuwahisha kupitiwa, lakini ikishaanza kuisha mwilini inakuamsha katikati ya usiku na usingizi unakuwa wa mang'amung'amu, na mwenye kukoroma anakoroma zaidi. Kwa huyu dada masaa yenyewe machache, hayo machache yasiharibiwe.

Sasa tuje kwako. Usingizi ni kama njaa, unajijenga kuanzia pale unapoamka. Ukilala saa sita mpaka saa kumi jioni umeshashiba, halafu saa mbili unataka ukae mezani tena, utakula nini? Juu ya hapo kuna saa ya mwili, nayo inapenda ratiba. Wewe siku sita unaamka saa tisa usiku halafu Jumapili saa tatu asubuhi, hapo ni tofauti ya masaa sita, mwili haujui uko upande gani. Usiku wa kuamkia Jumatatu ndio mbaya kuliko yote, si ndio?

Kitu cha tatu ni hicho kitanda. Kila usiku unalala pale masaa matano macho makavu ukihesabu masaa na marejesho, mwili umeshajifunza kwamba pale ni mahali pa kuhesabu. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Bootzin, aliliandika hili mwaka 1972, na njia yake inatumika mpaka leo. Fanya hivi. Acha kupanda kitandani saa mbili. Kaa mpaka macho yawe mazito kweli, kwa sasa anza na saa nne usiku. Ukilala na ukaona kama dakika ishirini zimepita (kwa kukadiria tu, saa usiangalie) usingizi haujaja, amka, toka kitandani, kaa kwenye kigoda na taa hafifu, kunja nguo, chambua mchele, kitu kisichokuchangamsha, sio simu. Macho yakiwa mazito rudi. Ukishindwa tena toka tena. Simu iweke mbali, kifudifudi, alamu utaisikia tu. Mchana lala nusu saa, ile saa sita sita, usivuke hapo. Na Jumapili ukijivuta sana uamke saa kumi na moja alfajiri, basi.

Najua unawaza saa nne mpaka saa tisa ni masaa matano tu, mtu mzima anahitaji saba au zaidi, kweli kabisa. Lakini sasa hivi unalala mawili na kuteseka matano. Tunabana muda wa kitandani kwanza ili usingizi ushikane, ukishakuwa unapitiwa haraka ndio unaanza kuwahi robo saa, wiki nyingine robo saa tena, mpaka unafika unapotaka. Wiki za mwanzo ni ngumu, nakwambia ukweli, utasinzia mchana, kwa hiyo siku hizo mwanao mkubwa au mtu mzima mwingine awe na wewe jikoni. Na mtu mwenye kifafa au ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka asijibane hivi bila daktari.

Hii sio mambo ya kubahatisha. Chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani mwaka 2016 kilitoa mwongozo kwamba mtu mzima mwenye tatizo sugu la usingizi aanze na tiba ya tabia na mawazo, vidonge ndio vifuate kama imeshindikana. Sugu maana yake angalau siku tatu kwa wiki kwa miezi mitatu. Niambie, hili lina muda gani? Na chai unakunywa saa ngapi?

mama_iliki
Da nesi Mungu akubariki, Jumatatu ndio hivyo hivyo ulivyosema, huwa nakesha kabisa. Lilianza baada ya Pasaka. Chai nakunywa ya rangi nzito ile ya kuchemshia jikoni, saa kumi na moja jioni na watoto tukila chapati zilizobaki, na nyingine baada ya kula usiku. Kifafa sina. Mzee wangu wa Mpwapwa shikamoo, maombi naendelea nayo, asante kwa kunijali.

nesi_kisasa
Hiyo chai ipo kwenye kesi. Kafeini haitoki mwilini haraka, ukinywa saa kumi na moja jioni, saa nne usiku karibu nusu yake bado inazunguka, na akina mama wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango inakaa muda mrefu zaidi. Kunywa chai yako nzito alfajiri ukiwa jikoni, mwisho saa tano asubuhi. Jioni weka mchaichai au maziwa. Vile vinywaji vya kuongeza nguvu vya kwenye makopo ndio usivisogelee.

Na kama ni tangu Pasaka basi nenda ukaonwe pia. Wakupime presha, damu, na tezi ya shingo maana tezi ikifanya kazi kupita kiasi inaleta moyo kwenda mbio, jasho na kukosa usingizi. Kama unakoroma na kushtuka kama umepaliwa, au miguu usiku inakusumbua mpaka lazima uichezeshe, sema. Kama kuna huzuni haiishi, hamu ya kula imepotea, unajiona huna thamani, hilo nalo lisemee bila aibu. Watu wa Dodoma tuna tabia ya kuogopa Mirembe, mtu akionekana getini tu mtaa mzima unaongea. Ile ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, watu wanaingia kliniki asubuhi wanatoka wanarudi kazini kwao kama kliniki nyingine yoyote. Naumia sana nikiona mtu anateseka mwaka mzima kwa kuogopa majirani.

fundi_ilazo
Mimi niongelee bati. Dada hicho chumba bila siling bodi, bati linashika joto mchana kutwa na linaendelea kukumwagia wewe mpaka saa nne saa tano usiku, na mwili ili usinzie lazima upoe kidogo ndani. Uzuri wa Dodoma usiku ukishaingia kunapoa, tuko juu zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, sio kama Dar. Kwa hiyo jua likizama fungua madirisha na mlango uingize upepo, weka wavu wa mbu, sakafu pigia deki ya maji saa mbili. Kama mwenye nyumba anakubali gongea hata mifuko ya salfeti chini ya kenchi, iache nafasi ya hewa kati yake na bati, ni nafuu mno kuliko siling bodi na tofauti utaiona, ila upande wa jiko isisogee maana inashika moto haraka. Halafu oga maji ya uvuguvugu saa moja au mawili kabla ya kulala. Watu wanadhani ya baridi ndio yanapoza, hapana, ya uvuguvugu yanaleta damu juu ya ngozi na joto la ndani linatoka, ukitoka bafuni unaanza kupoa na macho yanalegea.

chimwaga_saikolojia
Nakazia kwa nesi. Mimi nasoma saikolojia hapa UDOM. Hayo mahesabu ya marejesho yape muda wake dada, jioni saa kumi na mbili chukua daftari, andika kesho nani nampelekea mzigo, Alhamisi pungufu kiasi gani, nani anadaiwa, hatua ya kwanza ni ipi. Funga daftari. Chuo kikuu cha Baylor kule Texas walijaribu hili, matokeo yakatoka mwaka 2018, watu 57, nusu waliandika mambo ya kufanya siku zijazo na nusu waliandika yale waliyokwishamaliza, wote dakika tano kabla ya kulala. Walioandika ya mbele walipitiwa na usingizi mapema kwa kama dakika tisa, na walioandika kwa undani zaidi walipitiwa haraka zaidi. Sio muujiza ila ni bure.

Ukiwa kitandani moyo ukienda mbio vuta pumzi kwa pua taratibu, itoe kwa mdomo polepole zaidi ya ulivyoivuta, halafu kaza vidole vya miguu kwa nguvu kidogo, achia, panda kwenye ndama, mapaja, tumbo, mikono, mpaka taya. Taya ndio watu wanasahau, tunalala tumeng'ata meno. Na usijilazimishe kulala, ukijilazimisha mwili unakaa macho kusubiri. Jiambie napumzika tu, basi.

chapati_changombe
Shosti mimi mwenzio wa karai, miaka nachoma maandazi hapa Chang'ombe. Wote wamesema vizuri lakini hakuna aliyekuuliza kwa nini uamke saa tisa. Unakanda saa tisa kwa sababu unasubiri unga uumuke, si ndio? Kanda usiku. Saa tatu usiku unamaliza kukanda unafunika unalala, unga unaumuka wenyewe taratibu, wewe unaamka saa kumi na nusu unakata tu na kuchoma. Hapo umepata saa moja na nusu ya kulala bila kumeza chochote, na andazi la unga uliolala lina ladha zaidi.

mama_iliki
Shosti nilishawaza hivyo ila naogopa joto hili utachachuka, si nitamwaga unga wa watu wa mkopo jamani.

chapati_changombe
Unachachuka ukiweka hamira ya kawaida. Kilo moja ya unga tia nusu kijiko cha chai cha hamira ya chenga, kisizidi, maji ya mtungini yaliyopoa au ya friji, yasiwe ya moto, na tui lisiwe la moto. Sukari na chumvi weka kama kawaida yako, iliki nayo. Beseni liwe kubwa maana utapanda, paka mafuta juu, funika na nailoni, weka sakafuni upande usiopigwa na jua mchana, jikoni kwenye mkaa usiweke. Ukiamka ukakuta umepanda mara mbili na ukiubonyeza unarudi polepole umepatia. Ukikuta umeshuka na unanuka pombe, siku inayofuata punguza hamira mpaka robo kijiko. Anza na kilo moja tu Jumamosi usiku, Jumapili wale watoto nyumbani, ukiridhika ndio uingize kwenye mzigo wa biashara. Chapati zenyewe kanda usiku hivyo hivyo, paka mafuta, zinakuwa laini mpaka jioni.

mama_iliki
Nimeandika kwenye daftari yote. Jumamosi najaribu kilo moja, leo chai ya jioni naiacha na saa mbili sipandi kitandani. Kliniki naenda Jumatatu nikishamaliza kuuza. Fundi, hiyo mifuko ya salfeti inapatikana Majengo au nitafute wapi?

fundi_ilazo
Majengo ipo, waulize wanaouza nafaka, mitupu wanaiuza kwa bei ndogo. Chukua ile mikubwa, ifue kwanza itoke vumbi la mahindi isije ikakuletea mafua, na hakikisha inagongewa na mtu mwenye ngazi nzuri, usipande wewe mwenyewe ukiwa na huo usingizi.