Mnaosahihisha Kiingereza kwa kuchora duara jekundu bila maelezo, mmenichosha!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naandika.

Nimerudishiwa insha na mwalimu ninayemlipa kwa hela yangu mwenyewe. Mistari 18, maduara mekundu 7, na pembeni ya kila duara maneno mawili tu: neno silo. Nikauliza, silo kwa nini? Nikajibiwa, "Soma sana, utazoea." Nizoee nini wakati sijui nimekosea wapi? Na Kiswahili darasani marufuku, eti ndicho kinachotuharibu. Hapo ndipo damu inaponichemka, maana maduara 6 kati ya hayo 7 yangeelezeka kwa Kiswahili kabla wino haujakauka.

Chukua la kwanza. Niliandika "Please borrow me your book". Kosa hili wengi tunalifanya, na mchawi wetu ni kitenzi "kuazima". Unasema "niazime kitabu", kesho unasema "nimeazima kitabu kwake", kitenzi ni kilekile ingawa mara ya kwanza unamtaka mwenzako atoe, na mara ya pili wewe ndiye uliyepokea. Sisi hatupotei, sentensi yenyewe inatuonyesha nani katoa. Kiingereza kimegawa: anayepokea ana "borrow", anayetoa ana "lend". Sasa ilikuwa shida gani mwalimu kuniambia, achana na kuazima, jiulize ni kukopa au kukopesha? Kukopa ni "borrow", kukopesha ni "lend". Kwisha habari. Tofauti anayodhani sina nimezaliwa nayo, ila nilipita mlango usio wake.

La pili ni ndugu yake. "Remember me to call him." Nilitaka kusema nikumbushe, nikaandika nikumbuke. Kumbuka na kumbusha, mtoto mdogo havichanganyi! Sisi tunanyambua kitenzi kwa kauli ya kutendesha, wao mara nyingi wanachukua neno jingine kabisa, "remind". Halafu kuna utamu ambao hakuna aliyenigusia: "remember me to your mother" ni Kiingereza safi, maana yake nisalimie mama. Ningeambiwa hivyo siku ya kwanza nisingesahau mpaka kaburini.

"He said me" nayo ilipigwa duara. Haya, kwa Kiswahili mtu "akikusema" amekugombeza au amekuteta, siyo? Akikupa habari "amekuambia". Basi "say" mtendee kama kusema, na "tell" mtendee kama kuambia, ambayo lazima iwe na mtu wa kuambiwa. "Tell" ina vighairi vyake, kama "tell a lie", lakini kwa kuanzia inatosha.

"We won them" imetoka moja kwa moja kwenye tuliwashinda. Unashinda mechi au zawadi, hapo ni "win". Unamshinda mtu, hapo ni "beat". Na "I heard a bad smell" ni kwa sababu sisi harufu tunaisikia, wao hawaisikii kwa masikio, basi.

La sita, la usalama, nilipochanganya "safety" na "security", nakubali ni gumu kweli, maana Kiswahili kina neno moja na wao wana mawili. Kofia ngumu ya mjenzi ni "safety", inamkinga na ajali. Kufuli la mlangoni ni "security", linamzuia mtu mwenye nia mbaya. Mimi nimeyatafuta haya mwenyewe usiku, wakati kuna mtu nimemlipa anieleze!

Na nyie wa kwenye makundi, mnaobandika makosa ya wenzenu na vikatuni vya kucheka: Shakespeare aliwahi kutumia "learn" kwa maana ya kufundisha. Leo ni kosa, sawa, sahihisheni. Lakini mnacheka kana kwamba mtu kaiba.

Sasa duara la 7. Niliandika "less mistakes". Akalichora kubwa kuliko yote, na alama akakata sawasawa na zile za harufu yangu ya masikioni. Lazima iwe "fewer", kwa kuwa makosa yanahesabika. Wakuu, wenye lugha yao wanasema "less" hivyo kila uchao na wanaelewana. Mwaka 1770 Robert Baker, Mwingereza aliyeandika kitabu kuhusu matumizi ya Kiingereza, aliandika kwamba yeye anaona "fewer" ni bora zaidi kwa vitu vya kuhesabika, akayatoa kama maoni yake. Wasahihishaji waliokuja baadaye wakayafanya sheria. Kwenye mtihani au barua ya kazi nitaandika "fewer", sitaki ugomvi na anayeshika kalamu. Ila nilipomuuliza mwalimu sheria hiyo imetoka wapi, alisema nini? Nizoee.

Insha nimeiandika upya. Sita nimerekebisha, na pembeni ya kila moja nimemwekea sababu yake kwa Kiswahili, asome. La 7 nimeliacha vilevile.