Wafugaji wa Kuku Nzuguni: macho yamevimba

*Jumatano, Septemba*

Mama Neema: Shikamooni wakubwa, habari za asubuhi majirani. Naombeni msaada. Kuku 4 kati ya 14 wamevimba macho tangu juzi, mmoja halifungui kabisa. Dukani wameniambia ninunue vidonge vya rangi mbili nifungulie kwenye maji. Nivichukue?

Bibi Mwendwa: Marahaba mwanangu, pole. Usinunue kitu kwanza. Tuma picha ya jicho kwa karibu.

Bwana Mifugo: Habari za asubuhi wote. Mama Neema, jicho kuvimba si ugonjwa mmoja. Kipindi hiki cha kiangazi kuna mambo manne yanayofanana kwa mbali, na rangi mbili, ambayo ni antibayotiki, haitibu matatu kati ya hayo. Mshike kila kuku uangalie:
Puani kuna makamasi? Ukinusa usoni, ananuka?
Kwenye upanga na ndevu kuna vipele vyenye magamba?
Pembeni ya kope kuna vidoa vyeusi vilivyong'ang'ania ngozi?
Ukifungua kope polepole, ndani kuna nini?
Halafu mpanue mdomo, uangalie hadi kooni.

Mama Neema: Sawa daktari, nakwenda bandani.

Mama Neema: [picha 5]
Harufu hakuna kwa yeyote. Vipele hakuna. Watatu ndani ya kope kuna kitu cheupe kigumu kama maziwa mgando, na kooni nimeona vitone vidogo vyeupe. Wa nne hana hicho cheupe, ila kope na upanga vimejaa vidoa vyeusi.

Baba Yohana: Unawalisha nini jirani?

Mama Neema: Mtama, uwele kidogo na pumba. Mchana wanazurura, lakini huko nje hakuna jani bichi tangu Juni.

Bibi Mwendwa: Hapo ndipo penye tatizo. Hao watatu wamepungukiwa vitamini A. Mtama mweupe na uwele vinashibisha lakini vitamini hiyo karibu haimo, na mahindi meupe ni hivyo hivyo. Masika kuku hujiokotea majani mwenyewe, kiangazi yakiisha akiba yake inaisha mwilini, ndipo macho yanaharibika. Mara nyingi mayai nayo hupungua.

Bwana Mifugo: Bibi amesema kweli. Kwenye mafua kuna harufu mbaya na makamasi, hawa hawana. Vile vitone vya kooni ndivyo vinavyonipa uhakika. Ndui, ile ya vipele vyenye magamba, ikiingia mdomoni nayo huacha utando kooni, lakini ule ni wa njano na ukiubandua unatoka damu. Vitone vya vitamini A havitoi damu.

Fanya hivi. Chemsha maji nusu lita, weka chumvi kijiko cha chai kimoja kisichojaa, yapoe hadi vuguvugu. Lowesha pamba, bandika kwenye jicho dakika mbili tatu ili lile gumu lilainike, kisha lisukume kutoka kona ya ndani kwenda nje. Usilichokoe na kijiti wala ukucha, utaumiza mboni na jicho litapofuka kabisa. Kila jicho pamba yake. Rudia asubuhi na jioni hadi lisafike.

Kisha vitamini ya unga ya kuku kwenye maji, kipimo cha kwenye pakiti, siku 5 hadi 7. Wape kundi zima, maana hao 10 wengine nao wamepungukiwa, bado tu haijajitokeza. Kuku 14 wakubwa kwa joto hili wanakunywa kama lita 4 kwa siku. Changanya hizo tu, zilizobaki jioni mwaga, kwa sababu vitamini ikikaa juani inaharibika. Asiyeona mpe maji kwa mkono na mtenge, la sivyo atakufa kwa kiu wakati maji yapo pembeni yake.

Mama Neema: Na baada ya hizo siku 7?

Bibi Mwendwa: Majani. Mlonge unavumilia ukame wetu. Chuma, anika kivulini (juani vitamini inapotea), twanga, changanya gramu 50 kwa kila kilo ya chakula. Ukipata matembele au mchicha sokoni, funga fungu ulining'inize juu kwa kamba wadonoe, usimwage chini kwenye vumbi. Na kama unanunua mahindi ya kuku, tafuta ya njano.

Baba Yohana: Yule wa nne ana viroboto, nimeiona picha. Hawa si kama wa mbwa, wanazamisha mdomo kwenye ngozi na kubaki hapo hapo. Usiwavute kwa nguvu, utachana kope. Paka mafuta mazito ya mgando juu yao, upanga wote na kuzunguka kope bila kuingiza ndani ya jicho. Wanakosa hewa. Kesho yake futa kwa kitambaa, paka tena.
Lakini kuku ni nusu ya kazi. Mayai ya kiroboto yanaanguka mchangani na funza wake wanakulia humo. Fagia banda lote, toa mchanga wa juu ukauchome, nyunyiza dawa ya viroboto ya mifugo sakafuni na kwenye nyufa, rudia baada ya wiki 2, kwa sababu waliomo kwenye kifuko hawafi mara ya kwanza. Mbwa na paka wa nyumbani watibiwe siku hiyo hiyo.

Bwana Mifugo: Na iwe dawa ya mifugo kweli. Watu wanatumia ya kunyunyizia pamba au nyanya, kuku anadonoa manyoya yake anakufa, na mabaki yanaingia kwenye mayai mnayokula.

Daudi: Daktari, yakiwa ni mafua sasa?

Bwana Mifugo: Uso unavimba mara nyingi upande mmoja, makamasi mazito, harufu hata kabla hujamshika, na wanaambukizana haraka kupitia chombo cha maji. Hayo ni ya bakteria, kwa hiyo antibayotiki inafaa: oksitetrasaiklini au tailosini ya kuku, kwa siku zote zilizoandikwa hata kama amechangamka siku ya pili. Oksitetrasaiklini inashikwa na chokaa. Ukichanganya na maji magumu ya kisima, au ukaacha maganda ya mayai na chokaa kwenye chakula, dawa nyingi inapita bila kufanya kazi. Tumia maji ya mvua mliyohifadhi kama yapo. Mayai ya siku za dawa na za kusubiri zilizo kwenye lebo hayaliwi wala hayauzwi. Na kuku aliyepona mafua anaendelea kubeba vijidudu, msimchanganye na wageni.
Ndui haina dawa. Paka ayodini kwenye magamba, zuia mbu, chanja wazima.

Mama Rehema: Samahani kuingilia. Vifaranga vyangu wiki ya 4, 20 kwa jumla, vimejikunyata, mabawa chini, kinyesi kina damu. Viwili vimekufa usiku. Naweza kutumia hiyo vitamini ya Mama Neema?

Bwana Mifugo: Hapana dada, usiweke vitamini sasa hivi. Mpasue mmoja aliyekufa, vaa mifuko mikononi. Mwisho wa utumbo kuna vifuko viwili virefu. Vimejaa damu?

Mama Rehema: Vimejaa. Kama soseji nyekundu.

Bwana Mifugo: Koksidia, vimelea vya utumboni. Nunua amproliamu ya unga ya asilimia 20. Gramu 1.2 kwa lita moja, yaani gramu 6 kwa lita 5, siku 5 hadi 7, na pasiwe na maji mengine ya kunywa. Dawa hii inaua vimelea kwa kuwanyima vitamini B1. Ukichanganya na vitamini za kuku, ambazo nyingi zina B1, unawalisha wale wale unaotaka kuwaua. Vitamini utawapa ukimaliza dozi, ndipo utakuwa na haja nayo hasa.
Maranda yakoje chini ya chombo cha maji?

Mama Rehema: Yameloa.

Bwana Mifugo: Toa yote leo. Mayai ya koksidia yanaiva kwenye unyevu na joto kwa siku mbili tu. Weka makavu, inua chombo kilingane na mgongo wa kifaranga, chini yake weka tofali ili yanayomwagika yasifike kwenye maranda. Bila hivyo, dawa ikiisha wanaugua tena.

Daudi: Mtaa wa pili kuku wanakufa kwa wingi tangu Jumapili. Kinyesi cha kijani, wengine shingo zimepinda.

Bwana Mifugo: Huo unafanana na ugonjwa wa mdondo (kideri). Nitapita leo jioni kuangalia, mizoga isiguswe hovyo. Haina dawa, si rangi mbili, si shubiri, si pilipili. Tena maji yakiwa machungu kuku anakunywa kidogo, anadhoofika haraka zaidi. Msinunue kuku wala msiingie mabanda ya huko na viatu vyenu. Mizoga ifukiwe kwa kina, mbwa wasiifukue.
Sisi ambao hayajatufikia tuchanje wiki hii. Kinga inachukua wiki moja hadi mbili kujengeka, na aliyekwisha kuambukizwa chanjo haimwokoi.

Baba Yohana: Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja. Tuchange.

Bwana Mifugo: Ndiyo. Nitaleta I-2, chanjo ya mdondo ya matone. Tone moja jicho moja, kifaranga na jogoo sawasawa. Mshikilie hadi apepese, ukimwachia mapema tone linadondoka. Wagonjwa wa Mama Neema na vifaranga vya Mama Rehema watasubiri wapone. Tutarudia kila miezi 3.

Mama Neema: Jumamosi saa 12 alfajiri, kabla hatujafungulia. Tuanzie kwangu?

Bibi Mwendwa: Tuanzie kwa Daudi, ndiye aliye karibu na mtaa ule. Mimi nitaleta barafu na kikapu.

Daudi: Nina 22, kanga 3. Na kanga nao?

Bwana Mifugo: Na kanga nao.