Wauza moduli za RS-485 Kampala, mnatuuzia vitu bila hata karatasi ya anwani?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Nipo Kasese, natunza vipimo vya mvua na kina cha maji kando ya mto Nyamwamba. Wenyeji hawahitaji kuelezwa: Mei 2013 na Mei 2020 mto huu ulifurika ukabeba nyumba za watu. Kipimo kikinyamaza msimu wa mvua, waliopo bondeni hawana wa kuwaonya.

Nilinunua moduli nne za RS-485, yaani vifaa vya kupitisha data za vipimo kwa nyaya mbili, A na B, kwenye duka moja Kampala, zikaletwa na basi. Ndani ya boksi hakuna karatasi yoyote. Nikafunga ya kwanza, A kwa A, B kwa B. Datalogga, kifaa kinachokusanya data za vipimo, kimya. Kumpigia muuzaji, ananiambia, "Fundi, hiyo umeiunguza mwenyewe." Siku mbili nikahangaika na mvua mgongoni, nikabadilisha kebo nzima kwa pesa yangu. Mwishowe nikageuza nyaya mbili zile, A kwenye B, na moduli ikajibu papo hapo! Kumbe aliyeitengeneza ameandika herufi kinyume na aliyetengeneza datalogga. Mafundi wanalijua hili miaka mingi, na kuzigeuza hakuunguzi kitu. Muuzaji alishindwa nini kuniambia?

Nikaongeza ya pili, mambo yakaharibika upya. Zote nne zimetoka kiwandani na anwani 1, yaani namba ambayo datalogga huitia moduli. Datalogga ikiita 1 wanajibu wawili kwa pamoja, unapokea takataka tupu. Modbus, lugha ambayo vifaa hivi huzungumza, ina anwani 1 hadi 247, kwa hiyo nafasi zipo tele, ila lazima mtu ajue pa kuzibadilishia. Kuna swichi nane ndogo, kila moja na thamani yake, 1, 2, 4 hadi 128, na anwani ni jumla ya zilizopandishwa, ila hazina alama upande upi ni 1 na upi ni 128. Nilitaka 3, nikapandisha ya kwanza na ya pili. Moduli ikajiita 192, yaani 128 na 64, maana inahesabu kutoka upande wa pili. Niligundua baada ya kuita namba moja moja kwa kompyuta usiku kucha. Tena haisomi anwani mpya mpaka uzime umeme na kuwasha, nalo hakuna aliyelisema.

Lililoniuma zaidi ni rezista. Ya ohm 120, inayozuia mawimbi ya data kurudi nyuma, hukaa kwenye ncha mbili tu za laini, basi. Hizi kila moja imelehemewa ya kwake ndani. Ukijumlisha na ya datalogga zinakuwa tano. Nikazima umeme, nikapima kati ya A na B: ohm 24, mahali panapotakiwa 60. Ndiyo maana data zilikuwa zinakuja na kupotea, kipimo cha mbali ndicho kinapotea zaidi, nami nashuku betri! Nimefungua moduli tatu nikang'oa rezista kwa mkono, nikaiacha ya mwisho wa laini peke yake.

Muuzaji ukisoma hapa: andika kwenye boksi anwani, baudi (kasi ya data), pariti (ukaguzi wa makosa ya data), waya upi chanya, na kama rezista imo. Ni mistari mitano. Na hela ya kebo yangu naidai, maana wewe ndiye uliyeniambia nimeunguza.

Wengine mlionunua hizi Mbarara, Gulu au Mbale, zenu zilikuja na karatasi? Na swichi zenu zinahesabu kutoka upande gani?